Mpiga Kinanda Asiye na Jina

Masomo: 2 Wafalme 3:9-20, Kutoka 16:14-21, 1 Mambo ya Nyakati 25:1-8

 

Leo tunataka kusema nanyi juu ya kinanda. Tunajua wengine watasema, je, hakuna neno la wokovu mpaka tusomewe habari za vyombo? Tunawaomba mtuvumilie. Hata nabii Elisha, siku ya shida kubwa, kabla hajafungua kinywa kutoa neno la Mungu, aliomba kwanza apewe mtu wa kupiga chombo.

Someni wenyewe habari hiyo. Wafalme watatu, Yehoramu wa Israeli, Yehoshafati wa Yuda na mfalme wa Edomu, walitoka pamoja kwenda kupigana na Moabu. Walizunguka jangwani siku saba. Maji yakaisha. Askari hawakuwa na maji, wanyama waliowafuata hawakuwa na maji, na mfalme wa Israeli akaanza kulia kwamba Mungu amewakusanya ili awatoe mikononi mwa adui. Ndipo wakamkumbuka Elisha, yule aliyekuwa akimmiminia Eliya maji mikononi. (Kazi ndogo hiyo, kumnawisha mzee mikono. Lakini kwa kazi hiyo ndiyo alijulikana.) Elisha akakasirika kumwona mfalme wa Israeli. Roho yake haikutulia. Basi akaomba aletewe mpiga kinanda. Na yule mtu alipopiga, mkono wa Bwana ukamjia nabii, naye akatoa agizo la kuchimba mahandaki bondeni. Kesho yake asubuhi, wakati wa kutoa sadaka, maji yakaja kwa njia ya Edomu, nchi ikajaa.

Tusidanganyane, chombo kile hakikuwa na vibonye kama chetu. Kilikuwa chombo cha nyuzi. Lakini Biblia yetu ya Kiswahili inamwita mpiga kinanda, na sisi tunashika jina hilo. Jina lake mwenyewe halikuandikwa. Baba yake hatumjui, kabila lake hatulijui. Tunajua neno moja tu juu yake: alipoitwa alikuwa tayari anajua kupiga.

Hapo ndipo tunataka mkae kidogo pamoja nasi. Jeshi linakufa kwa kiu. Mtu gani angepata nafasi ya kujifunza siku ile? Nani angesema, ngojeni, nipeni miezi mitatu nitafute mahali pa kuweka vidole? Vidole vya mtu yule vilifundishwa zamani, nyumbani kwake au machungani, siku ambazo hakuna mfalme aliyekuwa akimsikiliza, siku ambazo maji yalikuwapo na hakuna aliyemhitaji. Mkono wa Bwana ulipomjia nabii, ulikuta mkono wa mtu umekwisha kufanya kazi yake.

Sisi tu kanisa la unabii. Tunaamini kwamba wimbo unaweza kumjia mtu usiku, katika ndoto au katika maombi, naye akaamka nao kinywani. Nyimbo nyingi tunazoimba zilikuja hivyo. Kwa sababu hiyo kuna wapendwa wanaosema: kama Roho anatoa wimbo, Roho atatoa na vidole, kukaa kila siku na kurudia do, fa, sol ni kazi ya watu wa shule na ya wanamuziki wa baa. Tumesikia maneno hayo mara nyingi, na tukisema kweli, sisi wenyewe tunaoandika tuliyasema. Sasa tusikilizeni tuwaambie yaliyotupata.

Miaka michache iliyopita mama mmoja wa kanisa letu alipokea wimbo. Alikuja asubuhi mapema kabla ya kwenda sokoni na mchele wake, akatuimbia akiwa amesimama, beseni bado kichwani. Sehemu ya kwanza tuliishika mara moja. Sehemu ya pili ilikuwa inageuka, inapanda mahali ambapo sauti zetu hazikuzoea, na kila tulipojaribu tulirudi kwenye ile ya kwanza. Mpiga kinanda wetu, mmoja tu tuliyekuwa naye, alikuwa amepanda treni kwenda Kibombo kwa shughuli zake. Hakuna mwingine aliyejua kutafuta noti za mama yule na kuzishikilia mpaka tuzisikie. Hakuna aliyekumbuka hata kuukamata wimbo kwa simu. Tukamwambia, mama, siku ya Mungu ijayo tutaumaliza. Siku ya Mungu ijayo alikuwa mgonjwa. Iliyofuata vilevile. Halafu tulimzika.

Kwenye kilio watoto wake wakaomba wimbo wa mama yao. Tukaimba sehemu ya kwanza, tukarudia, tukarudia tena, kisha tukanyamaza kwa sababu hatukuwa na kitu kingine. Kijana mmoja akaona aibu kwa niaba yetu, akafungua kinanda apate kusaidia, akagusa kitufe asichokijua, na mbele ya maiti ikatoka ngoma ya disko. Wengine walicheka. Hatuwalaumu, kilio kina mambo yake. Lakini mtoto mkubwa wa marehemu alitutazama, na macho yale hatujayasahau.

Basi tulipokaa kujiuliza kosa liko wapi, tulikuta liko kwetu sisi wazee. Kinanda kile, chenye vibonye 61, tulikinunua kwa michango ya miaka, na kwa kukipenda tulikifungia sandukuni. Ufunguo ulikaa na mtu mmoja. Watoto walipokigusa tuliwafukuza, tukisema watakiharibu. Tulikuwa na chombo kizima kisicho na mkwaruzo, na katika mji mzima hatukuwa na mtu wa pili wa kukipiga. Tuliomba Mungu atupe wapiga kinanda huku tumekalia sanduku.

Someni pia Kutoka 31. Mungu anamjaza Bezaleli kwa Roho wake, na kazi ya Roho huyo ni nini? Ni ustadi wa mikono: dhahabu, fedha, shaba, mawe, miti. Na katika 1 Mambo ya Nyakati 25 tunaonyeshwa wana wa Asafu, Hemani na Yeduthuni. Imeandikwa juu yao kwamba walitabiri, na walitabiri kwa vinubi, vinanda na matoazi. Halafu, sura hiyohiyo, imeandikwa kwamba walifundishwa, na hesabu yao 288, mwalimu na mwanafunzi wakipiga kura pamoja, mdogo sawa na mkubwa. Unabii na mafundisho vimekaa katika nyumba moja, wala hatuoni vikigombana.

Sasa tuseme habari ya mana. Waisraeli waliiokota asubuhi kwa asubuhi, kila mtu kadiri ya kula kwake. Aliyeweka ya kesho aliikuta ina wadudu na inanuka. Kinanda ni hivyohivyo. Mtu akikaa saa tatu usiku wa kuamkia siku ya Mungu, akijichosha mpaka vidole viume, asubuhi atakuta yameoza karibu yote. Lakini akikaa robo saa leo, robo saa kesho na kesho kutwa, vidole vinakumbuka vyenyewe hata wakati kichwa kimesahau. Walio mafundi cherehani wanatuelewa bila maelezo mengi.

Anayeanza afanye nini katika robo saa yake? Tutasema wazi, kwa maana somo lisiloshika mikono ya watu litabaki karatasini.

Tazama vibonye vyeusi. Vimepangwa viwiliviwili na vitatuvitatu. Kibonye cheupe kilicho kushoto kwa vile viwili ndicho do. Weka kidole gumba cha mkono wa kuume juu ya do, ruka kimoja, weka kidole cha kati juu ya mi, ruka kimoja, weka kidole kidogo juu ya sol. Bonyeza vitatu kwa pamoja. Hiyo ndiyo akodi ya do. Kaa nayo juma zima kama ni lazima, ukipiga mguu chini kama mwimbishaji anavyohesabu, moja mbili tatu nne, na ukiinua mkono na kuurudisha bila kutazama. Usione haya kwa kuwa ni kitu kidogo.

Juma linalofuata, acha gumba palepale kwenye do. Mi ipande kibonye kimoja cheupe iwe fa, sol ipande iwe la. Do, fa, la: umefika akodi ya fa bila kurukaruka. Rudi kwenye do. Nenda tena, rudi tena. Masikio yako yatastuka, maana safari hiyo ya kutoka fa kurudi do ndiyo Amina ambayo makanisa mengi yanaimba mwisho wa wimbo. Kisha, kutoka akodi ya do, acha kidole kidogo kwenye sol; do ishuke iwe si, mi ishuke iwe re. Si, re, sol: hiyo ni akodi ya sol, na hapa gumba linashika si, kidole cha pili kinashika re. Wanaoanza wengi wanabeba mkono mzima kutoka upande huu mpaka ule, kama mtu anayehama nyumba kila anapotaka kunywa maji. Kidole ambacho noti yake inabaki, nacho kibaki.

Mkono wa kushoto usiuharakishe. Upige noti moja tu ya chini, do chini ya akodi ya do, fa chini ya fa, sol chini ya sol. Mikono miwili itapigana siku za kwanza. Iache ipigane polepole. Anayekimbia anafundisha vidole vyake makosa, na kosa lililozoeleka ni gumu kung'oa kuliko magugu ya shamba la mpunga.

Kwa akodi hizo tatu unaweza kusindikiza nyimbo nyingi sana za kanisa. Ukijiuliza ubadilishe wapi, sikiliza sauti ya waimbaji inatulia wapi. Ikitulia kwenye mi, kaa kwenye do. Ikitulia kwenye la, jaribu fa. Ikitulia kwenye si au re, jaribu sol. Mara nyingine utakosea, korali itakutazama, utabadilisha. Hakuna aliyekufa.

Kuna jambo moja ambalo kwetu ni la lazima. Mama zetu hawaanzi wimbo pale kinanda kinapotaka. Wanaanza pale Roho alipowaanzishia. Wapiga wengi hapo wanakimbilia kile kitufe cha kupandisha na kushusha sauti ya chombo kizima. Kitufe hicho kina faida yake, hatukikatazi, ila kinamfanya mtu awe kipofu: siku chombo kikiwa kingine, hajui kitu. Afadhali ujifunze kuhesabu. Tafuta noti ambayo wimbo unamalizia, maana mara nyingi hiyo ndiyo nyumba yake. Kutoka hapo hesabu kwenda juu vibonye vyote, vyeupe na vyeusi bila kubagua, wala usikihesabu kile ulichoanzia. Cha tano ni mahali pa akodi ya pili, cha saba ni mahali pa ya tatu. Nyumba ikiwa do, cha tano ni fa na cha saba ni sol. Nyumba ikiwa re, cha tano ni sol na cha saba ni la. Na akodi yenyewe inajengwa hivyo: kutoka noti yake hesabu vinne, kisha vitatu. Kwa hiyo re inachukua fa diezi na la. Kama siku ile mtu mmoja kati yetu angejua hesabu hii ndogo, sehemu ya pili ya wimbo wa mama ingepatikana kabla beseni halijashuka kichwani.

Tunawasikia mnasema, umeme uko wapi? Ni kweli. Katika mji wetu umeme si kitu cha kutegemea, mafuta ya jenereta ni ghali, mawe ya redio yanakwisha, na sahani ya jua ya kanisa inagawanywa na taa na kipaza sauti. Na kinanda ni kimoja. Basi chukueni kipande cha ubao uliolainishwa, urefu wa sentimita 50, na mchoreni vibonye kwa makaa au kalamu. Kutoka do mpaka do inayofuata ni kama sentimita 16 na nusu, kwa hiyo ubao huo unaingiza safari tatu nzima. Ubao haulii. Vidole vinapokanyaga, kinywa kiimbe noti: do, mi, sol, do, fa, la. Kumbe hilo ni faida, kwa kuwa anayeimba noti zake anafundisha na sikio. Binti mmoja wa Alunguli alichora wake juu ya kifuniko cha sanduku, na alipokaa mara ya kwanza kwenye kinanda chenyewe vidole vyake vilikuwa vimekwisha kujua njia.

Wala msifikiri haya ni maskini tu wa Kindu wanaojitahidi. Kule Kinshasa, ndugu zetu wa Kanisa la Kimbangu wana okestra kubwa ya violini na tarumbeta. Aliyeianzisha mwaka 1994 ni Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, aliyekuwa rubani wa ndege akapoteza kazi. Walianza wachache, na violini hazikuwatosha, wakazipokezana, huyu anapiga kidogo anampa mwenzake. Uzi ukikatika walitumia waya wa breki ya baiskeli. Mchana wengi wao walikuwa kwenye biashara na kazi zao, jioni walikusanyika kurudia. Mwaka 2010 Wajerumani wawili, Claus Wischmann na Martin Baer, walitoa sinema juu yao, na ulimwengu ukaona Wakongo wanapiga Beethoven gizani umeme ulipokatika. Watu waliona muujiza. Sisi tuliona pia jioni nyingi za kurudia ambazo hakuna aliyezipiga picha.

Na kabla yao kulikuwa na wengine. Baada ya Simon Kimbangu kukamatwa mwaka 1921, Wabelgiji waliwahamisha wafuasi wake mbali na kwao, na baadhi waliletwa huku kwetu mashariki, mpaka Lowa, pale chini ya Kindu mto unapoelekea Ubundu. Watu waliotolewa nchi ya Kongo ya chini wakaletwa kwenye maji haya haya tunayovuka kila siku kwa mtumbwi. Imani yao haikuzimika, na nyimbo zao zinaimbwa mpaka leo. Tukifikiri hayo tunaona aibu kwamba sisi, wenye sanduku na ufunguo, tuliacha wimbo mmoja ukatike katikati.

Tuseme na neno kwa wale ambao tayari wanajua. Kuna kile kitufe cha ngoma ya kujipiga yenyewe. Vijana wanakipenda, na ngoma yake haimngojei mtu. Lakini mama akitaka kurudia mstari kwa machozi, ngoma haijui, inaendelea. Kwenye ibada tumekizima. Pia wewe uliyejua kwanza, usifiche akodi zako. Tumeona mpiga kinanda anayegeuza mgongo ili wadogo wasione mikono yake. Kwa Asafu mwalimu na mwanafunzi walipiga kura moja.

Tangu tulipofungua sanduku, kinanda kimepata mikwaruzo miwili na kibonye kimoja cha juu hakitoi sauti vizuri. Tumepata watu saba wanaokaa kila siku. Mmoja ni mama muuza samaki, ana wajukuu, vidole vyake ni vigumu kwa kazi, na mpaka sasa anajua akodi tatu tu katika do. Siku ya Mungu iliyopita alisindikiza wimbo wa sadaka mwanzo mpaka mwisho. Alikosea mahali pawili. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuambia, sisi hatukusikia.

Sehemu ya kwanza ya wimbo wa marehemu mama yetu tumeiandika, noti kwa noti. Binti yake anasema kuna siku, akiwa anapepeta mchele, kitu cha sehemu ya pili kinamjia, halafu kinaondoka. Tumemwomba aje saa yoyote, hata usiku, hata kama hana hakika.

Kwa hiyo, wapendwa, kinanda kiko wazi kanisani kila asubuhi kuanzia saa kumi na mbili, isipokuwa siku ya Mungu. Kila mtu robo saa, kisha ampishe mwenzake. Wanaotoka Alunguli watangulie, kwa sababu ya mtumbwi wa kurudi. Mbao za kuchorea ziko kwa fundi seremala wa korali, hazilipiwi. Watoto wanakaribishwa, wanawe mikono kwanza. Ufunguo wa sanduku tumeutundika kwenye msumari nyuma ya mlango, mahali kila mtu anapoufikia.